Hii Kitu Inamaanisha Nini?

Ukitaka kukutana na mtu tao na hamjaelewana mahali, utasema kwa Tom Mboya. Sanamu yake iko Moi Avenue, mbele ya Archives, karibu na pale alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Ni kazi ya Oshoto Ondula, na Rais Kibaki aliizindua Oktoba 2011. Pale kuna wahubiri, kuna wapiga picha, kuna watu wanaongoja dates ambazo hazitatokea, na kuna wale wanaongoja tu nauli ishuke ndio waende keja. Kama steji, sanamu inafanya kazi poa sana. Lakini stori ikigeukia sanamu yenyewe, swali huwa ni lile lile moja: anafanana ama hafanani? Kila mtu aliyewahi kuona picha ya Mboya kwenye kitabu cha historia amekuwa hakimu. Wale flamingo walio chini yake hakuna anayewauliza chochote.

Songa kidogo hadi Kimathi Street. Kevin Oduor alimsimamisha Dedan Kimathi na bunduki mkononi na rasta kichwani, ikazinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge. Hapo pia wengi huanzia usoni na kuishia usoni. Na 2024, Eldoret ikijiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Agosti, kulisimamishwa sanamu za wanariadha ambazo picha zake zilipoingia mtandaoni nchi nzima ilicheka hadi zikaondolewa. Nilicheka pia, sikatai. Zilikuwa mbaya. Lakini fikiria tulichokuwa tunacheka. Ni nadra kusikia mtu akisema kwamba uzito wa mwili umekaa vibaya, au kwamba mwendo wa mkimbiaji, ambao ndio Eldoret inajulikana nao dunia nzima, haumo kabisa kwenye ile simiti. Tulisema tu: huyu si yeye.

Tunatazama sanamu vile polisi anatazama kitambulisho. Anaangalia picha, anakuangalia wewe, kama zinalingana unaenda.

Mimi nataka kuongea juu ya zile ambazo hazina kitambulisho. Wasomi huziita sanamu dhahania: umbo la chuma, jiwe au simiti lililosimamishwa mahali pa watu wote bila kuwa mtu fulani wala mnyama fulani. Nairobi inazo chache, na sababu unayopewa kila ukiuliza ni kwamba mwananchi wa kawaida hazielewi. Atasimama, atakuna kichwa, atauliza hii kitu inamaanisha nini, kisha ataenda zake. Kwa hivyo mpe sura anayoijua. Hoja hiyo huwa inasemwa kwa heshima, kama vile tunatetewa. Nadhani ni uongo, na nadhani mahali pa kuuonyesha uongo huo ni Kariobangi.

Lakini tuanzie bado tao, kwa sababu kuna sanamu moja isiyo na sura ambayo Wakenya waliielewa vizuri mno.

Iko Central Park, ng'ambo ya Kenyatta Avenue ukitoka Uhuru Park. Mnara wa Nyayo ulijengwa 1988, Moi alipotimiza miaka kumi madarakani. Ukiutazama kutoka mbali kabla hujaambiwa ni nini, ni kazi ya maana. Mlima Kenya umegeuzwa kuwa kuta na pembe, mistari inapanda, jicho linapanda nayo. Mtu aliyeuchora alijua kitu kuhusu uzito na anga. Halafu jicho linafika juu na kukutana na mkono uliotoka ndani ya mlima, na mkono umeshika rungu. Basi stori imeisha. Hakuna uso wa Moi pale juu, na haukuhitajika. Rungu lile lilikuwa kwenye kila picha yake, kila taarifa ya habari ya saa moja jioni. Mtoto wa nursery angekuambia ni la nani.

Sasa weka mnara huo kwenye mwaka wake. 1988 ndio mwaka wa kura ya mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya mgombea ili kila mtu aone nani anamfuata nani. Na ukivuka Uhuru Highway kutoka kwenye hiyo bustani, jengo lile refu la njano ni Nyayo House, ambako kwenye vyumba vya chini watu waliteswa miaka hiyo hiyo ya 1980, wengine kwa kushukiwa tu kuwa na karatasi ya Mwakenya mfukoni. Mlima wa nchi nzima umetoa mkono wa mtu mmoja, na ukitazama ule mkono ulipo na rungu lilivyoinuliwa, unaelewa kwamba mlima wenyewe ndio umetishwa. Sidhani kuna Mkenya wa wakati huo aliyehitaji kuelezewa. Kwa hivyo tafadhali, msituambie hatuelewi maumbo. Tulisoma lile moja kwa miaka kumi na nne mizima baada ya kujengwa, hadi 2002.

Hilo pia linaniondolea kishawishi cha kusema kwamba sanamu dhahania ni safi na za sura ndizo chafu. Umbo linaweza kudanganya kama uso. Pale Uhuru Gardens, Lang'ata, ambapo bendera ilipandishwa usiku wa Desemba 12, 1963, kuna ile nguzo ndefu ya 1983 ya kuadhimisha miaka 20 ya uhuru, mikono iliyoshikana na njiwa juu yake. Ni nadhifu, na mimi hainigusi. Imesema amani kwa sauti ya hotuba ya Madaraka Day, ile unasikia ukiwa unaosha vyombo.

Mombasa walifanya vizuri zaidi bila hata kukusudia. Zile pembe za ndovu za Moi Avenue ya kule zilitengenezwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za kifalme kutoka Uingereza. Sababu yake ni ya kikoloni mia kwa mia. Lakini pembe zimekaa juu ya barabara, matuktuk yanapita chini yake, watu wakasoma herufi M kwenye mkunjo wake na wakazichukua. Leo ni za Mombasa, na binti mfalme amesahaulika. Hakukuwa na uso wa kumng'oa, ndio maana.

Na hii inanipeleka Kampala, kwa sababu sanamu bora ya uhuru iliyotengenezwa na Mkenya haiko Kenya. Gregory Maloba alizaliwa upande wa Mumias, akasomea Makerere, na 1962 akaipa Uganda Mnara wa Uhuru. Baadaye alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini mnara ulibaki kule. Si dhahania kabisa: ukiangalia unaona mama, miguu yake na mwili wake umezungushiwa kama mikanda ya kitambaa inayopanda, na juu kuna mtoto ameinuliwa, mikono hewani. Lakini mama ni nani? Hana jina. Maloba hakumpa Obote ule uso, wala Kabaka, ingawa 1962 hao wawili ndio waliokuwa habari ya mjini. Miaka minne baadaye walishageukiana kwa bunduki. Kisha Amin, kisha vita, kisha Obote tena, kisha vita tena. Ule mnara haujadaiwa na yeyote na haujamwudhi yeyote vya kutosha kuubomoa. Mikanda ile mwilini mwa mama, wengine wanaona nguo, wengine wanaona bandeji, na nadhani baada ya 1971 wengi walianza kuona bandeji. Sanamu haikubadilika. Ilikuwa na nafasi ya kuyabeba yaliyokuja.

Elkana Ong'esa wa Tabaka, kule Kisii, naye: jiwe lake la Enyamachera, ndege wa amani aliyekunjwa hadi karibu asiwe ndege tena, liko kwenye makao makuu ya UNESCO, Paris. Kwa hivyo Mkenya anayetaka kuona kazi kubwa za nje za wachongaji wake anahitaji pasipoti. Hiyo ni noma kidogo.

Turudi mtaani. Ukipanda mat tao, ukashika Juja Road, ukapita Pangani, Mathare, Huruma, mpaka ukashukia Kariobangi, sanamu za serikali umeziacha nyuma kitambo. Moi Avenue ndio kama mpaka. Upande huu hatukupewa shaba. Tulichopewa cha kusimama wima ni mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu, na kwa kweli mulika mwizi ni jina bora kuliko majina ya sanamu nyingi ninazozijua.

Lakini tembea Light Industries. Anza asubuhi kabla jua halijakolea. Kuna fremu ya mat iliyochomelewa ambayo haijavishwa mabati, imesimama kama mbavu za kitu kilichokuwa kinaogelea. Kuna tangi limekatwa nusu. Kuna watu wanayeyusha vipande vya injini kupata aluminiamu ya sufuria, na vibonge vilivyopoa vimerundikwa kando, kila kimoja na umbo lake. Sitaki kuifanya hii kuwa romansi. Ni moshi, ni macho mekundu ya kijana anayechomelea bila miwani, ni kodi ya kibanda ambayo haingoji mtu. Ninachosema ni kwamba hapa kuna watu ambao kila siku wanafanya maamuzi kuhusu umbo, na wanalipwa kwa maamuzi hayo.

Chukua geti. Mama mwenye plot ya vyumba kumi na sita anataka geti jipya. Anakuja kwa fundi na picha kwa simu, ama anaelekeza kidole: ile ya bluu pale kona. Mazungumzo huenda hivi.

"Mathe, hapa kwa kati nikuwekee jua zima ama nusu?"

"Nusu, kijana wangu. Na usinihesabie pesa ya zima."

"Na chini?"

"Chini weka zile almasi. Lakini zisibanane."

Sikiza hayo maneno. Jua nusu, almasi, zisibanane. Huyu mama ameagiza kazi dhahania ya chuma ya futi nane kwa kumi na mbili, itakayosimama mahali pa umma, itakayoonwa na mtaa mzima kila siku kwa miaka ishirini. Amezungumza juu ya nafasi kati ya umbo na umbo. Hajauliza inamaanisha nini. Na geti likishasimikwa, majirani watatoa uhakiki wao, na wana maneno ya kutosha: imekaa, imelala, imejaza, imeshika. Geti lililojaza lina mapambo mengi hadi chuma hakipumui. Geti lililolala limechorwa na mtu aliyeogopa. Nimesoma makala ndefu juu ya sanamu za jiji hili ambazo hazina hata neno moja lenye makali kama "imelala".

Tembea tu Kariobangi South kona kwa kona uhesabu. Mistari ya pembe tatu inayokimbilia kufuli. Duara lililokatwa na mkuki. Rangi mbili, tatu, mara nyingi kijani na ile nyekundu ya kuzuia kutu ambayo mwenye plot aliahidi kuipaka rangi nyingine na hakuwahi. Grili za dirisha nazo, kila ghorofa na mchoro wake, kwa sababu fundi alibadilika pesa ilipoisha ghorofa ya pili. Mengine ni mabaya, kwa sababu wingi wa kazi huleta ubaya pia. Lakini machache, na kila mtu wa mtaa ana lake analolipenda, yana kile kitu ambacho Mnara wa Nyayo ulikuwa nacho kabla jicho halijafika kwa rungu. Lile ninalolipenda mimi lina miale ya jua nusu ambayo haifiki ukingoni. Fundi aliikata mapema, kwa kukusudia au kwa kuishiwa chuma, na ile nafasi tupu iliyobaki ndiyo inayofanya jua lionekane linachomoza.

Basi kwa nini umahiri huu hauvuki Outer Ring kuelekea tao? Wasanii wa upande huu wamejulikana, si kwamba hawajulikani. Cyrus Kabiru alikulia nyumba iliyotazamana na jaa la taka, na miwani yake ya vyuma na nyaya imemfikisha kwenye maonyesho ya nchi nyingi. Kioko Mwitiki alijenga jina kwa wanyama wa vyuma chakavu. Lakini ona mahali kazi zinakoishia: galari, hoteli, bustani za watu, ng'ambo. Hata ule mfereji mkubwa wa Benjamin Von Wong uliomwaga plastiki zilizokusanywa Kibera, wakati wa mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa mwaka 2022, ulisimamishwa Gigiri, ndani ya ua, mahali ambapo wengi wa walioziokota wangehitaji barua kuingia. Taka zilipata kibali cha kupita geti kabla ya waokotaji.

Mahali pa umma ndio tatizo lenyewe. Pale kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, tunapopaita Bomb Blast, ukuta una majina ya waliouawa Agosti 7, 1998, zaidi ya watu 200, na kuna sanamu iliyoundwa kwa mabaki ya mlipuko. Hakuna shujaa mmoja wa siku hiyo, kwa hivyo hakukuwa na uso wa kuchonga, na nadhani ndio maana ni mojawapo ya mahali pachache tao ambapo watu hunyamaza wenyewe. Lakini kuna ua na kuna geti, na kwa miaka mingi kuingia kumekuwa kwa kulipa. Kiingilio ni kidogo, najua. Bado ni kiingilio.

Nimesema kuna mambo yametupata ambayo uso mmoja hauwezi kuyabeba. Nilikuwa nafikiria hili.

Kariobangi yenyewe ilizaliwa na bomoabomoa. Miaka ya 1960 kanjo iligawa viwanja hapa kwa watu walioondolewa kwenye vibanda vya karibu na mji. Baba na mama za watu walijenga hapa kwa sababu walibomolewa kwingine. Halafu Mei 4, 2020, asubuhi, tingatinga zikaingia Kariobangi North, pale kwa Sewage. Ilikuwa wakati wa kafyu ya korona, mvua ya masika ikinyesha, serikali ikituambia kila siku tukae nyumbani. Kulikuwa na amri ya mahakama ya kusimamisha ubomoaji. Maelfu ya watu walilala nje. Siku chache baadaye soko la Korogocho nalo likaenda.

Ungemchonga nani? Mama yupi kati ya wale, mtoto yupi? Ukichagua mmoja, ameshakuwa picha ya bango la shirika. Mheshimiwa fulani angejitolea uso wake, hilo sina shaka, na tungeanza tena kuuliza kama pua inalingana. Na kusema kweli, kilichotokea hakikuwa uso. Kilikuwa umbo: kitu kilichokuwa kimesimama kikalala, mstari wa ukuta ukawa rundo, mlango ukabaki bila chumba. Kuna walioondoka siku hiyo wamebeba mabati na geti kichwani, kwa sababu geti ndilo lililokuwa na thamani. Mengine, bila shaka, yaliuzwa kwa kilo.

Kuna watu watasema: mnataka sanamu na maji ya mfereji yanakuja mara mbili kwa wiki? Nimefikiria jibu, na sina la kupendeza. Maji kwanza. Lakini ukiwa na mazoea ya kumwambia mtu wa Eastlands maji kwanza, choo kwanza, taa kwanza, utafika miaka sitini hujawahi kumwuliza anataka kukumbuka nini. Tao hawakungoja mfereji ukamilike ndipo wasimamishe shaba. Na kule Dandora vijana wa Transformation League walisafisha nyua zao na kuzipaka rangi bila kungoja mtu, na hakuna aliyeona kwamba rangi iliiba maji.

Pingamizi la pili ni la maana zaidi: chuma kitaibiwa. Kitauzwa. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alilazimika kusimamisha kwa muda biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu nguzo na nyaya za umeme zilikuwa zinakatwa. Sanamu ya chuma Kariobangi ingeishia kuwa sufuria hapa hapa Kariobangi. Inachekesha na ni kweli. Jibu liko kwa mafundi: kuna chuma kinachozikwa ndani ya simiti, kuna unene ambao grainda ya kawaida inauchukua usiku mzima na kelele zake zinaamsha mtaa. Hilo ni swali la ufundi, na hapa ni mahali pa kuuliza maswali ya ufundi.

La tatu ndilo linaloniogopesha. Mwaka 1981, New York, Richard Serra alisimamisha ukuta wa chuma uliopinda, mita 36 kwa urefu, katikati ya uwanja wa majengo ya serikali. Aliuita Tilted Arc. Wahakiki waliupenda. Watu waliofanya kazi pale, waliokuwa wakivuka uwanja kwenda kula chakula cha mchana, walilazimika kuuzunguka kila siku, na wengi wao waliuchukia. Kesi, mikutano, kelele, na 1989 ukakatwa na kuondolewa. Ukisoma vitabu vya sanaa utaambiwa hiyo ni hadithi ya umma usioelewa. Mtu wa Outer Ring atakusomea tofauti. Hiyo barabara ya kilomita 13 ilipoanza kupanuliwa 2015, watu waligongwa wakivuka kabla madaraja ya miguu hayajakamilika. Tunajua vizuri ni nini kitu kikubwa kuwekwa kwenye njia yako na mtu ambaye hatembei kwa miguu. Serra alikuwa msanii mkubwa. Lakini kwenye kile kiwanja, mwenye njia alikuwa karani.

Kwa hivyo kama siku moja kuna pesa za kaunti, au za yeyote, na kuna kipande cha ardhi kule upande wa Sewage ambacho hakijanyakuliwa, mimi ningepeleka maelezo haya Light Industries. Msilete mtu kutoka nje. Itisheni michoro kwa mafundi wa geti, na waamuzi wawe wenye plot, wapangaji, na wale walioondolewa 2020 popote walipo sasa. Kusiwe na sura, kusiwe na jina la mheshimiwa kwenye kibao. Na itakuwa geti, kwa sababu sioni ingekuwa nini kingine: kubwa, limesimama peke yake, bila ukuta kushoto wala kulia, bila nyumba nyuma. Almasi chini, zisibanane. Jua nusu, miale isifike ukingoni. Kusiwe na kufuli. Na mbao mbili za lile geti ziachwe wazi daima, kwa upana wa kutosha mkokoteni uliojaa mitungi ya maji kupita bila kugusa.